Visa ya Kuingia Mara Moja

Dada yangu alizaliwa katika chumba ambacho sasa natunzia mbegu za mahindi na madumu ya maziwa. Kitanda kilikuwa pale penye gunia. Mama alituonyesha mara nyingi, hata tulipokuwa hatujamuuliza. Pamoja na hayo, dada akitaka kukiona chumba hicho leo lazima aombe ruhusa, na agongewe muhuri na mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga kwetu Kirua Vunjo, mlimani. Wa kumlaumu simwoni. Mwenyewe aliuchukua uraia wa huko Ulaya anakofanya kazi ya uuguzi, kwa sababu ambazo wakati ule zilikuwa na maana, na kwa kuwa nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, wa kwetu ukamtoka. Tangu hapo anakuja kwao kwa visa.

Yeye ndiye wa kwanza kwa mama, mimi ndiye wa mwisho. Wa katikati wako Dar na Arusha na hawana kosa lolote katika habari hii. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba na kihamba, yaani migomba, kahawa iliyo chini ya migomba, ng'ombe, na makaburi. Nilibaki, na hakuna aliyeniuliza kama napenda. Watu hudhani aliyebaki ndiye aliyebahatika. Waje wamuulize ng'ombe anayetaka majani wakati mvua inamwagika.

Mama alipoanza kuvimba miguu na kupumua kwa shida, nilimpigia dada simu. Sikumwambia aje. Nilimwambia tu kwamba mama amekataa mtori. Kwa mama yetu, aliyetulea kwa ndizi na supu hiyo na kuamini kwamba inatibu kila kitu isipokuwa uvivu, habari hiyo ilitosha. Dada akasema anatafuta ndege.

Ndege iliyopatikana upesi ilimshusha Nairobi. Kutoka huko alipanda basi dogo la Moshi, akavuka Namanga, na hapo ndipo alipopewa visa: ya kuingia mara moja, kukaa miezi mitatu. Pasipoti yake ilikuwa inaelekea kwisha. Sheria inataka msafiri anapoingia awe na pasipoti yenye uhai wa miezi sita mbele yake, na yake ilikuwa na hiyo miezi sita na ziada kidogo. Angeweza kuibadilisha kwanza huko aliko, lakini nani anakaa kungojea pasipoti mpya wakati mama amekataa mtori?

Alipofika nyumbani aliketi kando ya mama kitandani, akamshika miguu na kuibonyeza kwa vidole vyake vya kiuguzi, na ili mama asiuone wasiwasi usoni pake akaanza kusimulia safari. Pale Namanga afisa alimuuliza mwenyeji wake ni nani, akajibu ni mama yake, na afisa akaandika jina la mama.

"Kwa hiyo serikali inajua wewe ni mwenyeji wangu," dada akamwambia.

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Basi, mgeni wangu," akasema kwa Kichagga, "umepumzika vya kutosha. Nenda ukamkatie ng'ombe majani."

Na alikwenda kweli, amevaa viatu vyangu vya mvua. Jioni ile mama alikunywa mtori nusu bakuli. Siku zilizofuata nilianza kuamini kwamba tutavuka.

Sasa niseme habari ya mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyeolewa Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Bibi yetu alipofariki, mama mdogo alikuja msibani akasema mbele za watu kwamba bibi amekufa kwa kukosa matunzo. Aliyemtunza bibi ni mama. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Hakumjibu mdogo wake neno, ila aliapa kwamba Taveta hatakanyaga tena. Miaka ikapita, mume wa mama mdogo akafariki, na mama hakwenda kuzika. Kwetu kutokwenda kumzika shemeji yako ni jambo zito kuliko maneno. Hapo wakawa wamekoseana wote wawili, na mlango ukafungwa pande zote.

Asubuhi moja, dada akiwa anamchana nywele, mama alisema anataka apelekewe mdogo wake isale.

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ndiyo huohuo tunaotumia kuombea msamaha. Jani lake likikunjwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, yule mtu hakatai. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, lakini hakatai. Na likishakatwa halilazwi ndani likasubiri siku nzuri, linakwenda.

"Nitalipeleka mimi," nikasema. Taveta nakwenda kila mara siku za soko.

"Wewe hapana," mama akasema. "Wewe atakukaribisha chai tu na kukuuliza bei ya ndizi. Aende huyu. Huyu alibebwa naye mgongoni mpaka akajua kutembea. Mdogo wangu hawezi kumtazama huyu halafu akasema hapana."

Nikatoka nikakata isale mpakani mwa kihamba, upande wa makaburi, mama akalikunja mwenyewe kwa vidole vilivyovimba. Alichukua muda, na hatukumsaidia.

Kosa letu lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo mtu wa Dar asingelifanya. Kwa sisi wa Vunjo, Taveta si nje. Nje ni Ulaya, nje ni Marekani, hata Nairobi kidogo ni nje. Taveta ni soko. Unashuka Himo, unapita mpakani Holili, unauza ndizi, unanunua vyombo vya plastiki, unarudi kukamua. Mama zetu wamevuka pale na mikungu kichwani tangu sijazaliwa. Aliyekuwa na mashaka ni dada peke yake, na aliyatoa barabarani tukiwa tumeshapita Himo.

"Kenya wananikubali kurudi na ruhusa ileile niliyoingilia Nairobi," akasema. "Nyie je?"

Nilichukia ile "nyie". Nikamjibu kwamba sisi na Kenya ni Afrika Mashariki moja, wanavyofanya wao ndivyo tunavyofanya sisi, na aache Uzungu. Akacheka, akanipiga begani. Jani lilikuwa mapajani mwake, limefungwa ndani ya kitenge kibichi.

Mpakani nilimtania tena. Watu wa soko walikuwa wanapita na mizigo yao, wengine hata dirisha hawakulitazama, na yeye akapanga foleni na pasipoti mkononi. "Unagongewa muhuri kwenda sokoni?" nikamwuliza. Akasema yeye ni mgeni, na mgeni hupita mlangoni. Akagongewa kutoka Tanzania, akagongewa kuingia Kenya, tukaenda.

Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele uani. Amezeeka kwa namna ileile ya mama, mabega yaleyale. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia akimtazama dada, akiwa bado hajamtambua. Dada alifungua kitenge, akalishika isale kwa mikono miwili na kupiga goti kwenye makapi ya mchele.

Mama mdogo aliweka ungo chini. Alilitazama lile jani, akaligusa fundo lake, akajua limefungwa na nani. "Anaumwa," akasema. Hakuuliza. Kisha akalichukua, akaliweka kifuani ndani ya gauni, na kumvuta dada kichwa chake akakilaza begani. Walilia wote wawili, na mimi nikashughulika na ungo wa mchele kwa sababu kuku walikuwa wameshaanza kuusogelea. Kabla hatujamaliza chai alikuwa ameshavaa kitenge kipya, amemkabidhi jirani kuku, na anatuuliza tunangoja nini.

Hivyo tulirudi Holili watatu. Sikumbuki safari nyingine iliyokuwa na furaha kama ile. Mama mdogo alikuwa anauliza habari za kila mtu, waliokufa na waliooa, na sisi tunamjibu kwa kupokezana.

Pale Holili wa Kenya na wa Tanzania wanakaa jengo moja. Wa Kenya walimgongea dada kutoka. Akasogea dirisha la pili. Afisa wetu alikuwa binti mwenye adabu. Aliniamkia mimi na mama mdogo kabla hajaishika pasipoti. Akaifungua, akageuza kurasa, akageuza tena.

"Dada, visa yako ilikuwa ya kuingia mara moja," akasema. "Uliingia Namanga. Leo asubuhi umetoka. Imeisha."

"Nimetoka kwenda Taveta," dada akasema.

"Ndiyo. Taveta ni Kenya."

"Basi nipe nyingine. Nalipa."

"Ningekupa hapahapa. Shida ni pasipoti. Imebaki chini ya miezi sita."

"Nilipoingia ilitosha."

"Ulipoingia ilitosha," afisa akakubali, kwa sauti ya chini, na nikaona kwamba hapendi anachokisema.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua. Niligonga meza. Nikamwambia huyu kazaliwa pale juu, toka nje utazame mlima, shuka na macho kidogo, pale ndipo kwao, mama yake amelala kitandani anamngoja. Nikamwuliza yeye ni wa wapi.

"Mimi ni wa Rombo, baba."

"Basi kama ni wa Rombo unajua kwamba Taveta si nje!"

"Najua, baba," akasema. "Lakini hapa dirishani ni nje."

Alikwenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasoma, akapiga simu, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema pole. Sheria ilikuwa wazi: pasipoti mpya kwanza, kisha visa mpya. Kwa muda huo dada hakuwa ndani ya nchi yoyote. Kenya wameshamtoa, Tanzania hawajampokea, naye amesimama katikati ya madirisha mawili na mkoba wake, mtu mzima mwenye mvi. Wa Kenya wakamhurumia, wakaufuta muhuri wao ili apate pa kurudi.

Nje mwendesha bodaboda mmoja, mtu wa umri wangu, alikuwa ameshaelewa kila kitu. Alisema kuna njia ya mashambani, watu wanapita kila siku, dada atashuka upande wa pili kabla vumbi halijatulia. Nikamwambia dada panda.

"Nikiingia kwa kujificha, nitatokaje?" akaniuliza. "Wakinikamata hawataniruhusu tena. Na mimi siingii kwetu kama mwizi."

Alikuwa sahihi. Nimelifikiria mara nyingi nikiwa peke yangu kwenye migomba, na kila mara najikuta namwona alikuwa sahihi. Na kila mara natamani ningemkamata kiuno na kumpandisha ile pikipiki kwa nguvu. Mambo hayo mawili yako ndani yangu pamoja na hayajawahi kupatana.

Mama mdogo alitaka kubaki naye. Dada akakataa. "Isale limeshapokelewa," akasema, "wewe nenda." Basi mama mdogo akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa nyumba yake, akampa. Mama mdogo akavuka kwa kitambulisho chake cha Kenya bila kuulizwa zaidi ya unakwenda wapi. Yule ambaye hakuwa amekanyaga kwetu kwa miaka mingi akapita, na mtoto wa nyumba akabaki upande wa pili, anatupungia mkono na kutuonyesha kwa kidole tuende, tuende, mama anangoja.

Sitaki kusimulia sana namna wale ndugu wawili walivyokutana, kwa sababu sikukaa chumbani. Nilimsikia mama akisema jina la utotoni la mdogo wake, jina ambalo sikujua kama alikuwa nalo. Nilipoingia baadaye, mama mdogo alikuwa amepanda kitandani na viatu, wameshikana mikono. Mama alinitazama mimi, akatazama mlango nyuma yangu.

"Na mgeni wangu?"

"Yuko Taveta," nikasema. "Kuna karatasi kidogo. Anakuja."

Akatulia. Taveta haikumtia wasiwasi. Mtu akienda Taveta anarudi jioni.

Ubalozi wa nchi yake (naandika "nchi yake" na bado mdomo unakuwa mchungu) uko Nairobi. Dada alikwenda, akapigwa picha, akaambiwa pasipoti inatengenezwa huko Ulaya na italetwa. Aliomba ya dharura. Wakamwambia ya dharura inamrudisha Ulaya tu, haimwingizi Tanzania. Alikuwa ananipigia kila asubuhi, ananiuliza rangi ya mkojo wa mama, ananiuliza amelalia mito mingapi, na mimi namjibu kama mwanafunzi. Mama naye kila jioni alikuwa anauliza kama mtu wa Taveta amerudi. Nikisema bado, anasema, "Mwekeeni chakula." Tulimwekea. Sahani ilifunikwa mezani kila jioni, na kila asubuhi mke wangu akawapa kuku.

Mama alifariki asubuhi, mama mdogo akiwa amemaliza kumwogesha. Ninashukuru kwamba aliogeshwa na mkono ule. Nashukuru kweli, nisieleweke vibaya. Lakini safari ile ilimletea mama ndugu na kumtoa mtoto, na kama mama angejua bei yake sidhani kama angekunja jani lile. Au pengine angekunja. Sikumwambia ukweli ili nimwulize, na sasa hakuna wa kuuliza.

Ukoo ulikaa kupanga mazishi. Kwetu watoto walio mbali husubiriwa, hilo halina mjadala, na walisubiri kadiri walivyoweza. Siku zikawa nyingi. Wageni walikuwa wameshafika, mchungaji ana ratiba yake, na mimi nikaambiwa nimwulize dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye akasema neno moja tu: "Zikeni."

Siku ya kuzika alikuwa amerudi Taveta, kwenye nyumba ya mama mdogo, kwa sababu huko ndiko karibu zaidi alikoweza kufika. Aliniambia baadaye kwamba alikaa uani tangu asubuhi, kiti amekigeuzia mlimani, na mawingu hayakufunguka hata mara moja.

Sisi huku tulisimama kwenye migomba, kando ya kaburi la baba. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, msimamizi aliita watoto kwa mpangilio wao, kama ilivyo desturi, na kwa mazoea akamwita wa kwanza. Watu wakatazama chini. Mama mdogo akatoka kwenye kundi la wazee, akainama, akatupa udongo. Kisha akainama tena, kwa shida, akishika goti lake, akatupa mara ya pili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ile ya pili ilikuwa ya nani.

Pasipoti ilikuja baada ya mazishi, mpya kabisa, kurasa hazijaguswa. Nilishuka Holili kumpokea, nikavuka upande wake ili tupite pamoja. Tulikumbatiana. Alikuwa amekonda, na mkononi ameshika ufunguo wa mama mdogo tangu kwenye bodaboda, kana kwamba ungempotea.

Dirishani safari hii alikuwa kijana mwingine. Hakutujua. Alitazama pasipoti, akaridhika nayo, akauliza maswali yao ya kila siku huku akiandika.

"Kuingia mara moja?"

"Mara moja," dada akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Kirua Vunjo."

"Mwenyeji wako ni nani?"

Dada alifungua mdomo. Niliona midomo yake ikikutana kutamka mwanzo wa neno lile, kisha ikabaki imekutana. Kijana akainua macho akidhani hajasikika.

"Dada, mwenyeji wako Tanzania ni nani?"

Alinigeukia. Aliyenifundisha kutembea, aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, alinigeukia ili nimjibie.

"Ni mimi," nikasema.

Kijana akaniuliza majina yangu, akayaandika mahali palipokuwa na jina la mama.